Naomba ushauri: Taarifa ya zahanati inasema "asilimia 75", wananchi wanauliza ni asilimia 75 ya kitu gani

MAMA WA KITONGOJI (Iringa)

Kamwene ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji katika kijiji kimoja cha milimani mkoani Iringa. Nilichaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, na kwa nafasi hiyo ninaingia pia kwenye halmashauri ya kijiji. Ujenzi wa zahanati yetu ulianza kabla sijapata nafasi hii. Kila kaya ilitoa shilingi 20,000, kina mama tulisomba mchanga na maji ya kujengea, wanaume walifyatua tofali na kuzichoma, na jengo likapanda hadi kwenye lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Tangu hapo limesimama bila paa, na misimu miwili ya mvua imeshalinyeshea.

Kila robo mwaka inasomwa taarifa ile ile: "Ujenzi wa zahanati unaendelea vizuri na umefikia asilimia 75." Karatasi yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, ina muhuri, na ukungu wa huku kwetu umeishalowesha wino hata tarehe haisomeki. Katika mkutano mkuu uliopita alisimama mzee mmoja, ambaye mkwe wake alibebwa kwa machela usiku kupelekwa kituo cha afya cha kata jirani, akauliza kwa upole kabisa: "Viongozi wangu, asilimia 75 ya nini? Ya tofali, ya fedha, au ya siku?" Meza kuu yote ilinyamaza, nami niliinamia daftari langu kama wenzangu.

Baada ya hapo mikutano miwili imeahirishwa kwa kukosa akidi. Sasa tumeelekezwa tukusanye shilingi 15,000 nyingine kwa kila kaya kwa ajili ya mabati, na watu wa kitongoji changu wamekataa. Siwezi kuwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe sijui benki kumebaki kiasi gani. Simtuhumu mtu yeyote kwa wizi. Ninachoomba ni kuelekezwa nianzie wapi ili wananchi wapate taarifa ambayo mtu anaweza kuisikia, akatembea mpaka kwenye jengo, akaona kwamba ni kweli.

FUNDI WA TUKUYU

Dada mwenyekiti, pole kwa mzigo huo. Nimejenga madarasa na zahanati kadhaa Rungwe na Busokelo, kwa hiyo nitasemea upande wa jengo tu.

Huyo mzee ameuliza swali la kifundi. Asilimia inategemea umeigawa kwa kitu gani. Ukuta ndio unaoonekana kwa macho, kwa hiyo ukisimama watu huona kazi imekaribia kwisha, lakini gharama kubwa bado iko mbele: kenchi (mbao za kubeba paa), mabati, dari, milango na madirisha, lipu, jamvi na sakafu, rangi, umeme, mfumo wa maji, na nje kuna choo, kichomea taka na shimo la kondo, ambavyo zahanati haiwezi kupokea mama wa kujifungua bila kuwa navyo. Mimi boma, yaani jengo ambalo halijaezekwa, likiwa limeishia kwenye lenta siliiti asilimia 75 hata kidogo. Ukilipima kwa gharama yote mpaka siku mgonjwa wa kwanza anapoingia, huenda hata nusu haijafika. Aliyeandika taarifa pengine alipima ukuta peke yake, na hajasema uongo, ila hajawaambia wananchi amepima nini.

Kabla ya mkutano wowote nenda kwenye jengo ukiwa na fundi mmoja wa kijijini na ngazi. Pandeni mtazame nondo zilizoachwa wazi juu ya lenta: kutu ya juujuu inayotoka kwa brashi ya waya si tatizo, lakini kutu inayobanduka magamba na kuifanya nondo iwe nyembamba inahitaji mhandisi aione. Kisha chukua msumari ukwangue udongo wa viungo kati ya tofali, hasa upande unaopigwa na mvua. Ukiona unatoka kama unga, usikubali kenchi zipandishwe kabla hajaja mtu wa kupima, kwa sababu uzito wa paa utakaa juu ya ukuta uliokwisha kulegea. Na mvua za Novemba zisiwakute hivyo hivyo. Funikeni kichwa cha ukuta kwa nailoni nzito na kuigandamiza kwa tofali, kwani maji yanayoharibu boma huingilia juu zaidi kuliko ubavuni.

MTENDAJI MSTAAFU

Mwenyekiti, nimetumika katika kata mbili, moja Mbeya na nyingine upande wa Njombe, na jambo lako nimelishuhudia mara nyingi.

Kwanza fahamu kwamba una nguvu kuliko unavyodhani. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287, mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli ya mwisho katika sera na mambo ya jumla ya kijiji, na ndio unaoweza kuichagua na kuiondoa halmashauri ya kijiji. Mkutano huo unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni sehemu ya lazima ya ajenda zake. Kwa hiyo mnapodai hesabu hamvunji heshima ya mtu, mnadai kitu ambacho kilipaswa kuwa mezani tangu mkutano wa kwanza.

Wewe kama mjumbe wa halmashauri ya kijiji usianzie kwenye mkutano wa hadhara. Omba ajenda katika kikao cha halmashauri ya kijiji, ambacho hukaa kila mwezi, uombe Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango ilete taarifa ya benki, daftari la stakabadhi na leja ya vifaa (daftari la vilivyoingia na kutoka stoo), na uhakikishe ombi lako limeandikwa kwenye muhtasari. Nimeona viongozi wengi wazuri wakishindwa kwa sababu walisema kwa mdomo, na maneno ya mdomo yakapotea. Muhtasari uliosainiwa unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, na kutoka huko unaingia halmashauri ya wilaya.

Kuna sababu nyingine ya kufanya haraka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji huanza kukusanywa miezi mingi kabla, na baraza la madiwani hupitisha bajeti kabla ya Julai hiyo. Utaratibu unaofahamika ni kwamba wananchi wanainua boma, kisha halmashauri na serikali kuu wanasaidia ukamilishaji. Sasa fikiria mpangaji wa bajeti aliye wilayani akisoma kwamba boma lenu limefika asilimia 75 na "linaendelea vizuri", na la kijiji jirani limesimama na ukuta unaliwa na mvua. Atapeleka fedha wapi? Taarifa iliyopambwa inaweza kuwa ndiyo iliyowanyima mabati.

MKULIMA WA MAKETE

Mimi nasema msitoe hata shilingi kumi mpaka zile 20,000 za kwanza zisomewe hesabu. Sisi tulitoa mara tatu kwa ajili ya nyumba ya mwalimu na hatukusomewa hata mara moja. Kama viongozi wanasuasua, nendeni moja kwa moja TAKUKURU, kwa watu wa kupambana na rushwa.

MTENDAJI MSTAAFU

Ndugu yangu wa Makete, uchungu wako naufahamu, na juu ya hesabu kutangulia mchango mpya ninakuunga mkono kwa asilimia zote. Juu ya TAKUKURU naomba tusitangulize. Mara nyingi nimekuta fedha ipo na vifaa vipo, ila hakuna aliyeketi kuvihesabu, na kijiji kikishagawanyika kwa tuhuma zahanati ndiyo inayokufa. Waombe kwanza kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wakikaa kimya baada ya hapo, nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa itakuwa na uzito popote utakapokwenda.

MHASIBU WA MBEYA

Ninaongeza jambo dogo la kitaalamu, Mama. Taarifa ya benki peke yake haitoshi, kwa sababu sehemu ya michango yenu imeshageuka kuwa vifaa, na hamkutoa fedha tu, mlitoa pia tofali na mchanga. Taarifa nzuri ya mradi wa kijiji inakaa kwenye ukurasa mmoja: kaya ngapi zilitoa na ngapi hazijatoa, jumla yake ni kiasi gani, kimenunuliwa nini kwa stakabadhi ipi, kipi kimeshatumika kwenye jengo, kipi kiko stoo, na benki kumebaki nini. Jumla ya ulichotumia, kilichoko stoo na kilichoko benki lazima irudi kwenye ulichopokea. Isiporudi, hapo ndipo pa kuulizia.

Stoo ihesabiwe na watu ambao hawakununua vifaa. Kamati ya mapokezi na kamati ya manunuzi hutenganishwa kwa sababu hiyo hiyo, na vijiji vingi majina yake yapo lakini watu ni wale wale. Saruji iangaliwe mfuko kwa mfuko, kwa kuwa iliyokaa msimu mzima chini ya paa linalovuja huganda.

MAMA WA KITONGOJI (Iringa)

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu kuwashukuru na kuwaeleza tulipofika.

Ajenda yangu ilikubaliwa kwenye kikao na ikaandikwa. Mtendaji wetu wa kijiji hakukataa, na kwa kweli nilimwona kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwa sababu alikabidhiwa jalada la mradi na mtangulizi wake bila maelezo yoyote. Tulifungua stoo tukiwa watu saba, pamoja na yule mzee aliyeuliza swali. Tulikuta mifuko 22 ya saruji. Kila mmoja tuliuminya pembe zake kwa vidole: mifuko 13 ilikuwa bado laini, na 9 iliyopangwa sakafuni bila mbao chini yake ilikuwa imegeuka jiwe. Nondo zilizobaki zipo na idadi yake inalingana na leja. Benki kuna shilingi 1,140,000. Stakabadhi mbili za kokoto bado hatujaziona, na tumeandika hivyo hivyo kwamba hatujaziona.

Ukurasa huo mmoja tumeubandika kwenye ubao, mara hii ndani ya nailoni, na nakala moja kila kitongoji. Asilimia tumeiondoa kabisa. Badala yake tumeandika: "Ukuta umefika kwenye lenta. Paa halijaanza. Saruji iliyoharibika ni mifuko 9." Mkutano mkuu ulioitwa Jumamosi akidi ilipita, watu wakasimama mpaka nje kwenye miti ya msindano. Mchango mpya haujapitishwa. Wananchi wamesema watautoa mhandisi akishapima ukuta, nami naona wana haki.

Swali lililobaki ni lako, Fundi. Nilikwangua viungo kwa msumari kama ulivyoniagiza. Upande wa mashariki ni mgumu, upande wa magharibi unatoka unga mpaka kina cha kama nusu ya kidole. Barua ya kumwomba mhandisi imepokelewa wilayani. Je, wakati tunamsubiri tufunike tu, au kuna la zaidi la kufanya?

FUNDI WA TUKUYU

Funikeni leo, Dada, na msiuzibe upande huo kwa udongo mpya wala saruji, maana mhandisi anatakiwa auone kama ulivyo. Pigeni alama kwa chaki kila mlipokwangua, na muandike kina chake pembeni kwa sentimita. Akifika mwonyesheni alama moja moja, na maelezo yake yaingie kwenye ukurasa wenu wa robo inayofuata.