Leaf ya mtumba au BYD Dolphin: ipi ina hewa nzuri ndani, na hizi apdeti zinasumbua kweli?

Mtoto_wa_Upanga (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za asubuhi. Nataka kuachana na petroli. Nimebaki na mbili: Nissan Leaf ya 2018, betri ya 40 kWh (yaani uniti 40 za umeme), kutoka Japani, au BYD Dolphin ya 2023, nayo ya hukohuko. Nikijibana naziweza zote. Swali langu ni moja na nusu. Ipi ina hewa nzuri ndani mkiwa kwenye foleni? Na hiyo nusu: nasikia haya magari yanajiapdeti kama simu, unaamka asubuhi vitu vimehama. Ni kweli? Hela natakiwa nitume kabla ya mwisho wa mwezi.

Kibopa_Bubu
Nimeweka kambi hapa.

Fundi_Volti
Mkuu, umeingia dukani unauliza viatu gani vizuri bila kusema saizi. Foleni ya wapi? Kilomita ngapi kwa siku? Unachajia wapi? Mnakaa wangapi ndani? Halafu wenzio wote humu huuliza betri, wewe unauliza hewa. Kuna kitu hujasema.

Msafiri254
Ongeza hapo: hiyo Leaf iko na baa ngapi, zile alama 12 za afya ya betri?

Mtoto_wa_Upanga
Samahani, niliandika haraka. Mwanangu ana miaka 6, ana pumu. Shule iko Mbezi Beach, kazi yangu Posta. Nampeleka asubuhi kisha narudi mjini, jumla kama kilomita 45. Tukikaa nyuma ya Fuso pale Mwenge hata vioo vikiwa juu anaanza kukohoa. Gari la sasa ni la 2004, AC yake inatoa harufu ya soksi mbichi. Baa muuzaji anasema 11. Kuchaji nitaangalia likishafika.

Fundi_Volti
"Nitaangalia likishafika." Haya, tutarudi hapo.

Nianze na hewa. Gari la umeme halina moshi wake, lakini moshi wa Fuso linauvuta kama gari lolote. Kinachomkinga mtoto ni filta ya kabini, kitufe cha kufunga hewa ya nje (chenye kamshale kanakojizungusha ndani ya picha ya gari), na raba za milango zilizo hai. Filta nunua yenye kaboni. Ukiishika ina rangi ya mkaa. Ile nyeupe ya karatasi inazuia vumbi, ila gesi ya dizeli na harufu zinapita kama hazijaona mtu.

Wiki iliyopita nimefungua gari moja la mtumba, limetoka bandarini miezi mitatu nyuma. Nashusha boksi la dashibodi, navuta filta haitoki. Nikaivuta kwa koleo. Imevimba, juu yake kuna majani makavu, manyoya ya panya na ganda la karanga. Mwenye gari kila mwezi alikuwa ananunua marashi mapya ya kuning'iniza kwenye kioo.

Harufu ya soksi inatoka kwenye evaporeta, kile kipoza hewa cha AC kilicho ndani ya dashibodi. Ukizima AC na gari kwa pamoja, unyevu unabaki mle ndani na ukungu unaota. Zima AC dakika tano kabla ya kufika, acha feni peke yake ikaushe. Hiyo ni ya gari lolote, la umeme au la petroli.

BintiPemba_Maskati
Mie niko Maskati, nina BYD Atto 3. Kwa mwenye mtoto wa pumu, BYD ina kitu kimoja kizuri: kwenye skrini inakupa namba ya PM2.5, ile vumbi laini isiyoonekana kwa macho. Huku upepo wa jangwa ukivuma naiona namba ya nje inavyopanda, ya ndani inashuka taratibu feni ikifanya kazi. Sasa usinicheke. Ijumaa moja nikatia chetezo garini, nifukize udi kabla ya kwenda kwa mamkwe. Namba ilikuwa 8. Nikaufunga mlango, kugeuka naiona imeruka tarakimu tatu, feni inavuma peke yake kama jenereta. Mume wangu akatoka mbio na ndoo ya maji.

Hiyo Dolphin, mwambie muuzaji akupigie picha ya skrini ikionesha hiyo namba. Matoleo hayalingani.

Nesi_wa_Zamu
Dada wa Maskati nimecheka, ila kwa mtoto wa pumu udi ni marufuku ndani ya gari. Na marashi ya kuning'iniza, na dawa ya kung'arisha dashibodi. WHO tangu 2021 wanasema wastani wa PM2.5 kwa saa 24 usizidi 15. Tarakimu tatu ndani ya kisanduku kilichofungwa si mchezo.

BintiPemba_Maskati
Udi wa kweli hauna neno, wala mtoto hakuwemo. Hayo marashi ya plastiki ndiyo yana kemikali. Sisi tumekulia kwenye udi, mbona tuko wazima?

Nesi_wa_Zamu
Moshi ni moshi dada yangu, hata ukinukia.

Mtoto_wa_Upanga, jingine. Hicho kitufe cha kufunga hewa ya nje usikiache safari nzima. Hewa ya nje ina kaboni dioksaidi kama sehemu 420 kwa kila milioni. Mkijifungia watu watatu wanne inapita maelfu muda si mrefu, dereva anasinzia, watoto wanalalamika kichwa. Funga mkiwa nyuma ya lori, lori likikata kona fungua dakika kadhaa, kisha funga tena. Na dawa ya kuvuta ya mtoto isikae garini kwenye jua.

Mtoto_wa_Upanga
Hilo la kufungua sikulijua. Huwa nafunga Upanga mpaka Mbezi. Asante nesi.

Msafiri254
Nesi amesema ukweli, lakini hiyo kitufe lazima kwanza uipate. Wacha niwaambie yaliyonipata. Kampuni sitaitaja. Ni gari ya Kichina niliyoagiza kupitia dalali, si kwa wakala, kwa sababu dalali alikuwa bei nafuu. Naishi Syokimau, kazi Athi River. Wanaojua hiyo njia wanajua: malori ya Mombasa, mizani ya Mlolongo, halafu vumbi la simiti ukikaribia.

Jumapili usiku gari ikaleta ujumbe kwamba kuna apdeti. Imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, nikabonyeza kubali, nikalala. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba wakati inajiapdeti haiwashiki. Asubuhi nafungua mlango, skrini yote Kichina. Kiingereza kimeenda. Saa imeenda, inasoma ya Beijing, masaa matano mbele. Nikasema sawa, usukani ni usukani, twende.

Kufika Mlolongo niko nyuma ya trela inapanda polepole, inamwaga moshi mweusi. Moshi unaingia! Siku zote mimi huwa nafunga hewa, hii apdeti imerudisha mipangilio ya kiwandani na imefungua. Natafuta kile kimshale. Kilikuwa hapo chini kwenye skrini, kimehamishwa, hakipo. Nikabonyeza alama inafanana na feni, kiti kikaanza kunichoma makalio. Nikabonyeza nyingine, kioo cha nyuma kikaanza kupata joto. Gari haina hata kitufe kimoja cha kushika cha AC, yote iko ndani ya skrini. Mwishowe nikafungua vioo vyote vinne, nikavuta moshi kama mtu wa matatu. Nilifika kazini kola ni nyeusi.

Nikampigia dalali. "Ngoja apdeti ijayo, bosi." Ijayo lini? Hajui. Hiyo programu ni ya soko la China, huku haina mwenyewe. Fundi wa Industrial Area alitoa waya wa hasi kwenye ile betri ndogo ya volti 12, tukanywa chai, akarudisha. Kiingereza kikarudi. Saa haikurudi mpaka leo. Tangu siku hiyo gari inaniuliza kila asubuhi kama nataka apdeti, na kila asubuhi naiambia kesho.

Kwa hivyo mimi nasema Leaf. Ya Japani ikifika huku haina mtandao wa kuongea na mtu. AC ni vitufe vya kushika kwa mkono. Utaona Kijapani kwenye skrini, redio itakupa masafa ya kwao, basi. Hakuna mtu atakuhamishia kitu usiku.

Mwalimu_Fasaha
Ndugu zangu, neno sahihi ni "sasisho", kitenzi "kusasisha". Lugha yetu ina maneno.

Fundi_Volti
Mwalimu, mteja akija akaniambia gari limegoma kwenye sasisho, kwanza nitamwuliza kama limegongwa.

Mwalimu_Fasaha
Ndiyo maana mafundi wetu hawasomi kitabu cha gari. Fungua simu yako, weka Kiswahili, uone imeandikwa nini.

Kibopa_Bubu
Ni kweli, imeandika sasisha. Narudi kambini.

Mbongo_Oslo
Mnaziogopa bure. Apdeti inaharibu na apdeti inatengeneza. Mfano wa Tesla, upo kwenye kumbukumbu za Marekani, Februari 2022: magari zaidi ya 26,000 yaliitwa na kampuni yarekebishwe kwa sababu kosa la programu lilikuwa linafungua vali ya pampu ya joto wakati usiofaa, gari likashindwa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Dawa ilikuwa nini? Apdeti nyingine kwa mtandao. Mwenye gari kalala, kaamka, limepona. Gereji hakwenda.

Na hewa, Tesla Model Y ina filta kubwa ya HEPA, inayonasa hata vumbi laini kabisa, na kitu wanakiita Bioweapon Defense Mode kinachosukuma hewa safi ndani mpaka ya nje ishindwe kupenya. Mwezi wa tano mibetula ikitoa chavua huku, mke wangu hapigi chafya garini.

Fundi_Volti
Kaka, mwenzio kauliza Leaf na Dolphin, wewe unamshushia Tesla ya Oslo. Kioo kikipasuka akinunue wapi, Ilala Bungoni?

Mbongo_Oslo
Natoa mfano tu. Na Msafiri254, hiyo Leaf isiyoapdetiwa nayo ina kasoro yake. Zile za 30 kWh, mwaka 2018 wenye magari kule New Zealand waliona betri zinachakaa haraka kuliko za 24. Nissan wakatoa programu mpya, wakasema kompyuta ya betri ndiyo ilikuwa inasoma vibaya. Sasa wewe uliyeinunua mtumba Dar, nani anakuwekea hiyo programu?

Msafiri254
Hiyo ni 30. Yeye anataka 40. Na usisahau Leaf za kizazi hicho hazina kipozeo cha maji kwenye betri, ni hewa tu. Joto la Dar si la Oslo.

Fundi_Volti
Hapo umepiga mwenyewe goli la kujifunga, umetoka kuitetea sasa hivi. Ila ni kweli. Baa ya kwanza ya Leaf ikidondoka maana yake betri imepoteza kama asilimia 15. Baa 11 kwa kilomita 45 kwa siku hazina shida. Ila usiziamini kwa macho, kuna watu wanaifuta kumbukumbu ya kompyuta baa zirudi 12. Dai picha ya LeafSpy, ile programu ya simu inayosoma kompyuta ya betri.

Ushauri wangu: AC ya vitufe chukua Leaf, namba ya vumbi chukua Dolphin. Za Japani zote zina mdomo wa CHAdeMO kwa chaji ya haraka, hapo hakuna mshindi. Ukichukua Dolphin, apdeti usiikubali Jumapili usiku. Ikubali Jumamosi asubuhi, betri ndogo ikiwa nzima, na kabla yake pigia picha kila ukurasa wa mipangilio ya AC.

BintiPemba_Maskati
Hilo la picha zuri. Mie yangu hufanya hivyohivyo. Na Dolphin likiwa jipyajipya lisimamishe siku kadhaa vioo wazi, harufu ya plastiki itoke. Wachina wenyewe hawaipendi hiyo harufu, Ford waliweka watu Nanjing kazi yao kunusa viti na mazulia.

Kibopa_Bubu
Wanalipwa kwa kunusa? Hiyo kazi inatangazwa wapi?

Nesi_wa_Zamu
Uzi umehama. Mtoto_wa_Upanga, umeamua?

Mtoto_wa_Upanga
Jana nimeenda yadi moja Kinondoni kuikalia Leaf. Nimebonyeza kile kitufe mara kumi, kinaitikia "tk". Nimeipenda. Mke wangu kapenda Dolphin kwa sababu ya ile namba, anasema bora aone kuliko kuhisi.

Fundi_Volti
Na kuchaji? Kilomita 45 ni uniti kama 7 au 8, soketi ya kawaida kwa muda wa masaa manne inatosha. Uniti moja shilingi 350 na ushei. Kuna soketi maegeshoni?

Mtoto_wa_Upanga
Naishi ghorofa ya tatu, nimepanga. Nimeongea na mwenye nyumba leo. Kasema waya haushuki dirishani kwake, na mita ya pale chini ni ya pampu ya maji. Nimembembeleza mpaka basi. Nadhani nitafute tu IST safi, nibadilishe filta.

Msafiri254
Wacha! Kurasa tatu zote hizi?

Fundi_Volti
IST ya mwaka gani? Injini 1300 au 1500? Na mmekaa wangapi?