Naomba ushauri: seva mpya au nakala rudufu kwanza?

Ndugu wanachama, habari zenu. Kikundi chetu cha wanafunzi wa kompyuta kina seva moja kuukuu yenye diski mbili za terabaiti 4 zilizounganishwa kwa RAID 1 (mpangilio ambapo kila kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa pia kwenye nyingine), na mojawapo imeanza kugonga-gonga kila inapowashwa. Nimenakili data yote kwenye diski ya nje, ingawa nayo, kwa aibu, imekaa juu ya seva ileile. Wenzangu wanaona RAID inatosha. Mimi sikubaliani, kwa kuwa faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Fedha zinatosha kitu kimoja tu. Je, tununue seva mpya, au tubadilishe diski mbovu na kuweka kifaa cha nakala rudufu katika jengo jingine? Na diski zilizokwisha kutumika zinafaa kwa nakala hizo?