Mwaka wa kwanza: timu ya chuo au timu ya kitivo?

Mgeni_wa_Neti
Habari wakuu. Usajili wa timu za mpira wa wavu unafungwa Ijumaa. Timu ya chuo inafanya mazoezi siku tano kwa wiki; ya kitivo siku mbili, na mechi Jumamosi. Vipindi ni saa 20 kwa wiki, na maabara ya Jumanne na Alhamisi inaisha saa 11 jioni. Sitafuti kombe, nataka kupata watu na kutoka chumbani. Ipi inabebeka bila kuangusha masomo? Na mtu wa kiwango cha kawaida anapata nini huko zaidi ya benchi?

Saa168
Piga hesabu kwanza, mkuu. Wiki ina saa 168. Toa 56 za usingizi, 20 za vipindi, 30 za kujisomea (saa moja na nusu kwa kila saa ya darasani), na 21 za kula, kufua na kutembea. Zinabaki 41. Timu ya kitivo ina mazoezi mawili ya dakika 90 na mechi ya saa 3 pamoja na maandalizi. Ongeza njia na kuoga, unafika saa 8. Ya chuo itakula 17 au 18, na hapo hujahesabu safari za ugenini.

Kwenye karatasi zote mbili zinaingia. Shida ni kwamba hizo 41 hazikai pamoja. Zimetawanyika vipande vya dakika 40 kati ya kipindi na kipindi, na timu inataka jioni nzima. Mazoezi ya kila siku yanasukuma kusoma hadi saa 4 usiku, kusoma kunasukuma usingizi, na deni linalipwa kwenye kipindi cha saa 2 asubuhi. Chukua ya kitivo. Vile vipande vya mchana vitumie kwa somo gumu kabla hujaenda uwanjani. Usiku ubakie wa kupanga noti na mambo mepesi.

Nahodha_Mstaafu
Hapo kwenye "kupata watu" ndipo wengi wanapojikwaa, wanadhani jezi inakuja na marafiki. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti mwaka 2018: mtu unayefahamiana naye tu huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja hadi awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa karibu. Kwa saa 5 au 6 za uwanjani kwa wiki, 50 zinatimia wiki ya tisa au ya kumi. Anayeacha wiki ya nne akisema hakuona watu wake, angewaonaje? Hata nusu ya njia hajafika.

Tena saa hazilingani. Kusimama foleni ukisubiri zamu ya kupiga mpira hakukuunganishi na mtu. Mazungumzo yapo kwenye kazi ndogondogo: kufunga neti (mita 2.43 kwa wanaume, 2.24 kwa wanawake, wawili wanakaza waya, mmoja anapima katikati), kujaza mipira upepo, kufuta sakafu. Fika dakika 15 mapema, kazi moja iwe yako. Siku usipotokea na watu wakauliza "yule wa neti yuko wapi?", ujue umeshakuwa mwenyeji.

Kuhusu benchi, wavu una huruma kuliko michezo mingi. Kila seti inaruhusu mabadiliko 6, na kocha hukosa kila siku mtu wa kuingia kuanzisha mpira kwa uhakika. Baki baada ya mazoezi, anzisha mara 30, ukilenga mita 2 za mwisho za uwanja wa wapinzani. Mipira 24 ikiingia, mwambie kocha. Mpira ukitoka nje kwa nyuma, mara nyingi mkono hauna kosa: umeurusha nyuma ya kichwa, ukaugonga kwa chini. Urushe mbele kidogo ya bega la mkono unaopiga.

Mguu_na_Goti
Nyongeza ya kitabibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 ya nguvu. Timu ya kitivo inakufikisha bila kutafuta kingine. Aliyekaa miezi bila kuruka akianza na siku tano, mfupa wa ugoko na kano ya chini ya goti vitalalamika kabla mapafu hayajachoka. Wiki mbili za kwanza punguza miruko, si kukimbia. Vifundo vya mguu huteguka zaidi kwenye neti, mtu anapotua juu ya mguu wa mwenzake, kwa hiyo jifunze kuruka kwenda juu, si kwenda mbele.

Wiki za mitihani usiache kabisa. Kata muda nusu, ubaki na mazoezi mawili ya dakika 40 yenye kasi ileile, yaishe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Aliyepigwa kichwani na kuona kizunguzungu hachezi tena siku hiyo, na siku moja au mbili za mwanzo apunguze simu na kompyuta. Mhadhiri aambiwe mapema. Aliyeumia aendelee kuja, apewe kuandika alama. Timu nyingi humsahau majeruhi, naye hupoteza afya na watu kwa pigo moja.

Mshika_Filimbi
Napinga kidogo. Kama ulicheza sekondari kwa ushindani, timu ya kitivo itakuchosha kwa uzembe wa wenzako. Ila timu yoyote inayowadhalilisha wageni kwa kisingizio cha kuwakaribisha, ikimbie.

Mgeni_wa_Neti
Sikucheza kwa ushindani. Kitivo basi. Ila mazoezi ya Alhamisi yanaanza saa 11 kamili, maabara inaisha saa hiyohiyo.

Nahodha_Mstaafu
Mwambie nahodha sasa, kabla hujasajiliwa: "Alhamisi nitafika saa 11 na dakika 20." Vaa nguo za mazoezi chini ya koti la maabara, viatu na maji ndani ya begi, kula kitu chepesi saa 9. Njoo ukiwa umeshapasha misuli moto kwa kukimbia kutoka maabara, usimwombe mtu akusubiri. Na kwa kuwa hutawahi kufunga neti siku hiyo, kuifungua ni zamu yako.