Tumepunguzwa kazi kampuni ya ulinzi hapa Mbeya, tunadai nini?

Mlinzi wa Uyole: Wakuu habari, kampuni yetu imepunguza walinzi wengi kwa mkupuo, tumeambiwa kwa meseji tu, mi nilikuwa lindoni Mwanjelwa usiku na baridi yote hii, miaka 6 kazini, watu wanalia na wengine wamegoma kurudisha sare.

Mwakatobe: Pole sana ndugu yangu. Sheria ya Ajira ya 2004 inamtaka mwajiri awape taarifa na mjadiliane kwanza, siyo meseji. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, yako 42, na notisi siku 28 kama unalipwa kwa mwezi.

Mama Ilomba: Sare rudisheni mwandikiwe risiti. Halafu pelekeni malalamiko CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, msichelewe jamani!

Mlinzi wa Uyole: Asanteni, kesho tunaenda wote.