Mwalimu wa ubao wa kafi Ziwa Tanganyika: tudai cheti kipi?

Ndugu zangu wa Kigoma, nauleta mjadala huu kwa sababu umeingia hadi nyumbani kwangu. Mpwa wangu, kijana wa Katonga, anataka kuwa mwalimu wa ule ubao mpana ambao mtu husimama juu yake akapiga kafi moja, huku na huku. Wageni wanauulizia sana. Ameweka akiba miaka miwili, na sasa watu wanamvuta kila upande. Rafiki zake wanasema atafute cheti cha nje, kwa kuwa mgeni asipokiona ukutani hapandi ubao. Baba yake, mvuvi wa dagaa tangu ujana, anasema mtoto aliyezaliwa ziwani akalipie karatasi ya kufundishwa maji, huko ni kutupa fedha. Serikali ya mtaa nayo ikiulizwa leo idai nini kwa mtu anayefundisha ufukweni, itajibu nini?

Msimamo wangu nautoa mapema. Cheti tudai, na tukisome kinasema mwenyewe alipimwa kwenye maji gani. Jina la taasisi lije baadaye.

Nimekaa nikavifuatilia vyeti hivyo. Kuna vya ISA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa mawimbi. Kuna vya ASI ya Australia, taasisi ya wakufunzi wa mchezo huo, vya Paddle UK ya Uingereza iliyokuwa ikiitwa British Canoeing, na vya ACA ya Marekani, chama cha mitumbwi kilichoanzishwa 1880. Asitutishe mtu kwamba kuna cheti kimoja cha dunia nzima. Hata hao wakubwa walivutana: ISA na ICF, shirikisho la mitumbwi, waligombea mchezo huu hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilipoamua mwaka 2020 kwamba upande wa Olimpiki ni wa ISA. Ninachowapendea ISA ni kumtaka mwalimu awe na mafunzo ya uokoaji majini na huduma ya kwanza. ACA hupanga ngazi kufuata aina ya maji. Cheti cha mwanzo cha ukufunzi cha Paddle UK kinahusu maji yaliyokingwa, yaani yasiyofikiwa na upepo mkali wala mawimbi makubwa. Hapo ndipo pa kusoma mara mbili.

Tanganyika ni maji yaliyokingwa? Ghuba ya Kigoma asubuhi tulivu utaapa kwamba ndiyo. Lakini hili ni ziwa la urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470. Kiangazi, kuanzia Mei, upepo wa kusini-mashariki unavuma, na kwa fukwe zetu nyingi maana yake unatoka nchi kavu kwenda ndani ya ziwa. Mlima unayakinga maji ya karibu, mwanafunzi anapiga kafi kwa raha. Akishatoka kwenye kivuli cha mlima, upepo unamshika mgongoni, na mtu aliyesimama juu ya ubao ni tanga. Nimemwona mgeni mmoja akipelekwa hivyo, watu ufukweni wakampungia mikono wakidhani anafurahia. Alirudishwa na mtumbwi wa dagaa uliokuwa ukirejea kutoka kuvua. Aliyekuwa akimfundisha siku hiyo alikuwa na cheti.

Wala si jambo la huku kwetu tu. Oktoba 2021 watu wanne walikufa Wales, mjini Haverfordwest, kundi la mbao lilipopita juu ya kizuizi cha maji katika mto Cleddau uliokuwa umejaa mvua. Kiongozi wa kundi alikuwa na cheti cha ngazi ya mwanzo, kisichofaa kwa maji yale. Mwaka 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na nusu. Cheti alikuwa nacho, ndugu zangu, ila hakikuwa cha maji yale.

Sasa nimjibu shemeji yangu, baba wa kijana, kwa heshima zote. Upepo anaujua kuliko mkufunzi yeyote atakayeshuka kwa ndege. Ila yeye hutoka na watu wanaojua kuogelea, wanaoelewana kwa neno moja. Hajawahi kukabidhiwa watu wanane wasiomjua wala kuyajua maji, nusu yao wakiogopa kusema wanaogopa. Kumwambia mtu apige magoti upepo ukianza, alale kifudifudi apige maji kwa mikono, asiuache ubao hata iweje, hayo hufundishwa ufukweni kabla mguu haujalowa. Tena ipo kamba inayomfunga mtu na ubao wake. Ziwani kamba ya kwenye kifundo cha mguu inamwokoa, kwa sababu ubao hauwezi kumkimbia. Mpeleke mto Malagarasi penye mkondo na magogo, kamba hiyo hiyo ikinasa hawezi kuufikia mguu wake. Huko inafaa ya kiunoni, inayofunguka kwa kuvutwa mara moja. Mvuvi hodari anaweza asilijue hili. Mwenye cheti cha maji tulivu naye anaweza asilijue.

Kwa hiyo nimemshauri kijana aanze na uokoaji na huduma ya kwanza, halafu cheti cha ualimu cha ISA au kingine chenye masharti kama hayo, halafu msimu mzima wa kiangazi akiwa msaidizi, hapa hapa, kabla hajashika kundi lake mwenyewe. Hiyo hatua ya tatu haina karatasi, na ndiyo inayoniuma. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu aliupata kazini, fundi seremala anapimwa na kupewa cheti chake. Kwa nini mtu wa Katonga au Kibirizi asipimwe upepo, uokoaji na kuongoza kundi kwa njia hiyo, TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, wakiwepo kwa kuwa usalama wa vyombo vidogo ni kazi yao? Nataka mezani pa wapimaji akae mvuvi mmoja mzee, mwenye kura sawa na wengine.

Najua wapo watakaosema masharti haya yatawaua vijana wenye mbao mbili za kukodisha. Ninyi hasa ndio nataka kuwasikia. Mgeni akisukumwa nje ya ghuba saa hii, nani wenu ana chombo cha kumfuata?