Ramani ya zahanati na nafasi ya wanakijiji

Swali (Uvinza): Habari zenu, wadau. Ramani ya zahanati yetu imeletwa kijijini ikiwa tayari. Je, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupendekeza mabadiliko, au kazi yetu ni kuchangia mawe na mchanga tu?

Jibu (Kigoma Mjini): Mnaweza, ndugu, kwa kuwa Ibara ya 146 ya Katiba inataja madhumuni ya serikali za mitaa kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nondo na vipimo mwachieni mhandisi. Ninyi simamieni kibaraza cha kusubiria na upande linakotazama dirisha la dawa, wagonjwa wasije wakalowa wakiwa kwenye foleni.

Jibu (Kasulu): Akina mama waulizwe peke yao, maana mkutanoni wazee ndio husema. Kwetu walidai mlango wa chumba cha kujifungulia usitazamane na benchi la wagonjwa, na mchoro ukarekebishwa kabla ya msingi kuchimbwa.