Hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu: inawezaje kuipasha dunia joto?

Mdadisi

Ndugu wanajamvi, naomba msaada wenu katika jambo ambalo halijanitoka akilini tangu nilipobishana na shemeji yangu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Yeye si mtu wa kudharau sayansi, na hoja yake aliieleza kwa utulivu kabisa: katika hewa kavu, naitrojeni ni asilimia 78, oksijeni ni asilimia 21, na hewa ukaa haifiki hata asilimia 0.05. Akaniuliza kitu kidogo namna hiyo kinawezaje kubadili joto la sayari nzima. Nilimjibu kwamba wanasayansi wamekwisha kukubaliana, naye akaniambia kuwa hilo si jibu, ni kumwelekeza mtu akaulize kwingine. Alisema kweli. Sitafuti kumshinda, nataka kuelewa, ili tukikaa tena niwe na la kumweleza.

Msomaji wa Fizikia

Swali la shemeji yako ni la haki. Kosa lipo mahali pamoja tu: anaangalia asilimia, ilhali kinachohesabika ni wingi wa molekuli ambazo mionzi ya joto hukutana nazo njiani. Ardhi ikishapata joto la jua huturudishia joto hilo kama mionzi isiyoonekana kwa macho, na mionzi hiyo hupita katikati ya naitrojeni na oksijeni karibu bila kizuizi, kwa kuwa molekuli zake ni za atomi mbili zinazofanana na mtikisiko wake hauwezi kuinasa. Kwa mionzi hiyo, asilimia 99 ya hewa ni kama haipo.

Sasa mfanyie hesabu hii. Hewa yote iliyo juu yetu ingeshindiliwa mpaka iwe na mgandamizo wa usawa wa bahari kutoka chini hadi juu, ingekuwa tabaka lenye kimo cha kilomita nane hivi. Toa humo molekuli 420 za hewa ukaa katika kila milioni, ambacho ni takriban kiwango cha miaka hii, utapata zaidi ya mita tatu. Yaani hewa ukaa ikitengwa peke yake na kutandazwa juu ya uso wa dunia, ingejaza chumba cha kawaida kutoka sakafuni hadi darini. Uzito wake ni zaidi ya kilo sita juu ya kila mita moja ya mraba. Ifanyie ozoni hesabu hiyo hiyo, nayo inatoka milimita tatu tu, na hizo milimita tatu ndizo zinazotukinga na sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba ozoni ni kidogo mno kuweza kufanya kazi hiyo.

Tena jambo hili halikuzuliwa na wanasiasa wa leo. Mwaka 1856 Eunice Foote, nchini Marekani, alianika juani mirija ya kioo yenye vipimajoto ndani, akaona kwamba ule wenye hewa ukaa ulipata joto kuliko wenye hewa ya kawaida, na ulipoondolewa juani ulichukua muda mrefu zaidi kupoa.

Mfuatiliaji

Naunga mkono, ila nisahihishe kidogo. Jaribio la Foote halikutenganisha mwanga wa jua na mionzi ya joto inayotoka ardhini. Aliyeipima mionzi hiyo yenyewe ni mwanafizikia John Tyndall, kuanzia mwaka 1859. Mdadisi, jiandae pia kwa hoja ya mvuke wa maji, kwa sababu hiyo haikosi kuja. Ni kweli kwamba mvuke hunasa joto kuliko hewa ukaa, lakini wingi wake huamuliwa na halijoto: ukizidi hugeuka mvua katika muda wa siku kama tisa au kumi. Hewa ukaa haidondoki hivyo, na sehemu ya ile tunayoitoa leo itabaki angani kwa karne nyingi. Ikiongeza joto kwa nyuzi moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi, na mvuke huo huongeza joto tena.

Mdadisi

Nawashukuru sana. Nilimpelekea hesabu ya mita tatu, akanyamaza kidogo, kisha akarudi na swali gumu zaidi: kama hewa ukaa ni nyingi kiasi hicho, si tayari imeshanasa mionzi yote inayoweza kuinasa? Nyongeza itafanya nini tena?

Msomaji wa Fizikia

Mwambie kwamba mwanafizikia wa Uswidi, Knut Ångström, alitoa hoja hiyo hiyo mwaka 1900 dhidi ya hesabu za Mswidi mwenzake Svante Arrhenius za mwaka 1896, zilizoonyesha kwamba hewa ukaa ikiongezeka dunia hupata joto, na wengi walimwamini kwa miongo kadhaa. Karibu na ardhi, katika masafa ambayo hewa ukaa huyanasa kwa nguvu zaidi, ni kweli mionzi haifiki mbali. Lakini joto halinaswi likaishia hapo; hutolewa upya na kunaswa upya, tabaka kwa tabaka, mpaka kufikia kimo ambako hewa ni haba kiasi cha kuliacha litoroke. Ukiongeza hewa ukaa, kimo hicho hupanda, na huko juu kuna baridi zaidi, kwa hiyo joto linaloondoka hupungua huku jua likiendelea kuleta lile lile. Dunia haina budi kupata joto mpaka mizani ikae sawa tena.

Hata hivyo ana nusu ya ukweli, na ni vema umkubalie: athari haikui sambamba na wingi. Kila kiwango kinapoongezeka maradufu, nyongeza ya joto linalozuiwa kutoroka huwa karibu ile ile, takriban wati 3.7 kwa mita ya mraba. Kabla ya enzi ya viwanda kulikuwa na molekuli 280 hivi katika kila milioni. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 alikuta kama 315. Tumekwisha pita nusu ya njia ya kufikia maradufu.

Akisema kwamba ni jua, muulize kwa nini sehemu ya juu ya stratosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya hili tunaloishi, imekuwa ikipoa wakati huku chini kunapata joto. Jua lingepasha kote kuwili.